Dharura na Kadiri Yake

Miongoni mwa kanuni za fiqhi zilizozoeleka midomoni mwa watu wa pwani, iko isemayo kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Mwenye njaa ya kufa ameruhusiwa mzoga. Mgonjwa ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani. Kanuni hii ilitoka madarasani ikaingia sokoni na maofisini, na leo hata asiyejua alifu wala be huitaja pale anapotaka kutenda jambo ambalo siku ya kawaida asingethubutu kulitenda. Lakini kanuni hiyo ina dada yake, na dada huyo hatajwi sana. Wanazuoni walisema pia kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Aliyeruhusiwa mzoga, kwa kauli ya walio wengi, hakuruhusiwa kushiba: ale cha kumwokoa roho, kisha aondoe mkono. Ruhusa huja na shida, na shida ikiondoka ruhusa nayo huondoka.

Kanuni hizo mbili ziliwekwa kwa ajili ya mja mbele ya Mola wake. Hata hivyo upo mlango mwingine ambapo zinahitajiwa sana, nao ni mlango wa serikali za mitaa. Siku ya mafuriko, ya moto au ya kipindupindu, halmashauri hupata madaraka ambayo siku nyingine haina. Huhamisha watu, hufunga soko, huzuia njia, huamua nani apewe hema kwanza na nani asubiri. Hakuna ateteaye, na haifai kuteta, kwani anayezama hachagui mkono wa kumvuta. Mashaka huanza kesho yake. Madaraka yale yana kadiri gani? Na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba dharura imekwisha?

Swali hili lina jibu lililoandikwa ardhini, mbali na bahari, katika nchi ya miombo iliyo kaskazini-magharibi ya mji wa Mpanda, upande wa kuelekea Ziwa Tanganyika. Mahali penyewe ni Mishamo.

Mwaka 1972 Burundi iliingia katika mauaji makubwa, na Wahutu kwa makumi ya maelfu wakavuka mpaka kuingia Tanzania. Serikali iliwapeleka Ulyankulu, mkoani Tabora, mwaka huohuo, na Katumba, wilayani Mpanda, mwaka 1973. Ulyankulu ikajaa kupita uwezo wa ardhi na maji yake, ndipo mwaka 1978 yalipofunguliwa makazi ya tatu, Mishamo. Kazi iligawanywa baina ya watatu: serikali yenyewe, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, yaani UNHCR, na TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililokuwa chini ya umoja wa Walutheri wa dunia. Msitu ulifyekwa, barabara zikapasuliwa, vijiji 16 vikapimwa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,000, na kila kaya ikaonyeshwa shamba lake. Msomaji wa visiwani atapata picha akikumbuka kwamba kisiwa cha Unguja chote, toka Nungwi hadi Makunduchi, ni kidogo kuliko eneo hilo.

Kwa kipimo chochote cha haki, hilo lilikuwa tendo kubwa. Katika dunia ambayo mkimbizi aghalabu hupewa hema, foleni na kibakuli, watu wa Mishamo walipewa ardhi na zana za kuilima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na pale methali ilitekelezwa neno kwa neno. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen, ambayo dunia huwapa waliowatendea wema wakimbizi, na nishani hiyo ilikuwa na haki yake. Mwaka 1985 UNHCR iliyakabidhi makazi ya Mishamo kwa serikali, kwa kuwa wakazi wake walikwisha kujilisha. Miaka saba tangu shoka la kwanza kupiga mti, njaa ilikuwa imeondoka, na mvua za Novemba hadi Aprili zilikuwa zikiwakuta watu mashambani mwao.

Lau dharura ingepimwa kwa tumbo peke yake, basi mwaka huo wa 1985 ingehesabiwa kuwa imekwisha. Lakini haikwisha. Makazi yaliendelea kuongozwa na mkuu wa makazi aliyewekwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa nguvu ya sheria ya kuwadhibiti wakimbizi iliyotungwa mwaka 1965, na baada yake sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998. Mtu wa Mishamo alipotaka kutoka nje ya makazi alihitaji kibali. Mahindi yake yaliweza kwenda Mpanda mjini kwa urahisi kuliko yeye mwenyewe. Mkulima alikuwa amekwisha kujitegemea, ila kwa jina la sheria aliendelea kuwa tukio, kana kwamba jana tu amevuka mpaka na mzigo kichwani.

Mwanataaluma Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake katika nchi hiyo katikati ya miaka ya 1980 na kuutolea kitabu mwaka 1995, alikuta jambo la kuzingatia. Watu wa asili moja, waliokimbia mauaji ya aina moja, walikuwa wakiishi namna mbili. Waliokaa mjini Kigoma, wakichanganyika na watu wa mji, walikuwa wameyaachia yaliyopita yachukue nafasi yake, nao wakajiita kwa majina mengi kwa kadiri ya maisha yao. Waliokaa Mishamo walikuwa wakisimulia na kusimulia tena habari ya kufukuzwa kwao, na habari hiyo ndiyo iliyokuwa dira ya kila jambo. Yapo mengi ya kusema juu ya tofauti hiyo, na moja linahusu mjadala huu: mtu akiwekwa ndani ya dharura kwa miaka, nayo dharura hukaa ndani yake.

Hapa ndipo panapohitaji kulitazama neno halmashauri lenyewe. Ndani yake limo neno shauri. Waliolichagua neno hili kuwa jina la chombo cha watu wa wilaya walisema, kwa kujua au kwa kutojua, kwamba kazi ya kwanza ya chombo hicho ni kushauriana, na kazi nyingine zote, za kisima na zahanati, za barabara na maghala, huzaliwa kutokana na hiyo. Shauri likiondolewa, kinachobaki ni ofisi.

Na katika miaka ile shauri lilikuwa limeondolewa kweli, wala si kwa wakimbizi peke yao. Mwaka uleule wa 1972, walipokuwa Warundi wanavuka mpaka, Tanzania Bara ilizivunja halmashauri za wilaya katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Za mijini zikafuata mwaka 1973. Nia ilikuwa njema kwa maneno ya waliouleta mpango: kuyasogeza maamuzi karibu na wananchi. Kilichosogea karibu ni maofisa wa serikali kuu. Diwani aliyekuwa akisumbuliwa mlangoni kwake kwa habari ya mfereji ulioziba hakuwapo tena, na mtumishi aliyetumwa kutoka juu alisikiliza zaidi sauti ya juu. Mifereji ikaziba, taka zikalala mitaani, na mwaka 1977 kipindupindu kikazuka na kuenea katika sehemu nyingi za nchi. Ugonjwa ule unatajwa miongoni mwa sababu zilizoifanya serikali ifikiri upya. Mwaka 1978 ilipitishwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Sheria ya halmashauri za wilaya ikaja mwaka 1982, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984.

Yatazamwe vyema mafungamano ya miaka hiyo. Mwaka 1978, ambao miji ilianza kurudishiwa shauri lake baada ya kufundishwa na kipindupindu, ndio mwaka ambao Mishamo ilifunguliwa bila ya shauri. Na mwaka 1984 halmashauri ya wilaya iliporudi Mpanda, watu wa Mishamo hawakuwamo katika wapiga kura wake. Wilaya ilikuwa na maelfu ya wakazi ambao iliwaona, ikala mazao yao, ikapita katika barabara zao, na ambao hawakuwa na mtu wa kumtuma kikaoni aseme daraja letu limebomoka.

Atakuja mtu na hoja, nayo ni hoja yenye uzito. Atasema kwamba nyumba inapoungua hakuna anayeitisha mkutano. Dharura inataka amri, inataka mmoja aseme na wengine watii, na kuchelewa kwa saa moja kwa ajili ya mashauriano kunaweza kumgharimu mtu roho. Basi kama Mishamo ilianzishwa kwa amri, iliwezaje kuwa vinginevyo, na watu wamekaa Ulyankulu bila ya maji ya kutosha?

Hoja hii ni kweli kwa saa ya moto. Kosa lake ni kudhani kwamba shauri na moto hukutana saa moja. Shauri lina saa yake, nayo ni jana. Halmashauri iliyokaa na watu wake wakati wa amani inajua kijijini ni nani mwenye baiskeli, nyumba ipi ina mzee asiyeweza kusimama, kisima kipi hakifikiwi na maji ya mafuriko, na ufunguo wa zahanati unalala kwa nani. Siku ya balaa haihitaji kuuliza, kwa sababu ilikwisha kuuliza. Wasioshauriana mapema ndio hulazimika kukisia katikati ya moshi.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya shirika la Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Viktoria karibu kabisa na uwanja. Ilikuwa na watu 43. 19 walipoteza maisha na 24 wakaokoka. Waliofika mwanzo ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Hawakuwa na sare wala mafunzo ya kuokoa abiria wa ndege; walikuwa na ziwa wanalolijua na makasia mikononi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na maandalizi yoyote yasiyoanzia kwa aliye karibu ni fimbo ya mbali hata yakiwa na magari mapya. Lakini ujasiri wa jirani nao una mpaka. Mvuvi anaweza kuufikia mlango wa ndege asiweze kuufungua. Kilichokosekana baina ya mvuvi na mlango ndicho kilichokuwa kitafutwe jana, katika kikao ambacho mvuvi angeitwa na kuulizwa: siku chombo kikianguka ndani ya maji haya, wewe utafika mwanzo, unahitaji nini?

Watu wa visiwani wanao ushahidi wao, nao ni mchungu zaidi. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua abiria 645 na mabaharia 45. Miili iliyopatikana ilikuwa mia mbili na kidogo. Hesabu ya tume ya uchunguzi ilipotolewa, waliopotea na waliokufa walikuwa zaidi ya 1,500. Tofauti baina ya hesabu ya kwanza na ya pili ni watu. Walipanda chombo, wakalipa nauli, wakakaa, na hawakuwa wameandikwa vya kutosha hata kufa kwao kuonekane mara moja. Ndiyo maana kuhesabiwa si jambo la makarani tu. Asiyehesabiwa bandarini hatafutwi baharini kwa idadi yake.

Kwa mwanga huo Mishamo inarudi kuonekana. Watu wake walihesabiwa mara nyingi, kwa chakula na kwa ardhi. Hesabu waliyokosa ni ile ya wenye kauli. Mtoto aliyezaliwa katika makazi hayo mwaka 1980 alifika umri wa miaka 27 hajaona nchi nyingine, akiwa ameoa na kuzaa, na angali anaitwa mkimbizi wa mwaka 1972, mwaka ambao hakuwapo duniani. Mzazi wake ndiye aliyekimbia. Yeye alikimbia wapi?

Mwaka 2007 ndipo swali lilipoulizwa. Katika makazi matatu ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikuwapo watu wapatao 218,000. Serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR zilikubaliana kuwauliza: mnataka kurudi Burundi, au mnataka kuwa raia wa nchi hii? Wapatao wanne katika kila watano walijibu kwamba wanataka kubaki, na mmoja kwamba anataka kurudi. Zaidi ya 50,000 walisaidiwa kurejea Burundi, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba wapatao 162,000 wamekubaliwa uraia. Ni nchi chache sana duniani zilizopata kufungua mlango wa namna hiyo kwa watu wengi kiasi hicho kwa mara moja. Tanzania ilikuwa imetenda tendo la aina hiyo hata kabla, mwaka 1980, ilipowapa uraia Wanyaruanda wapatao 36,000, na Mwese, makazi ya Wanyaruanda wa miaka ya 1960, haiko mbali na Mishamo.

Lakini jibu la swali lilikuja na sharti ambalo halikuulizwa. Makazi yafungwe, ilisemwa, na raia wapya watawanywe katika mikoa 16. Mtu alikubaliwa kuwa wa nchi, na papo hapo akaambiwa aondoke mahali pekee pa nchi hiyo anapopajua. Vyeti vya uraia vikawekwa vingoje uhamisho. Uhamisho nao ukasimamishwa mwaka 2011, na wilaya zilizotarajiwa kuwapokea hazikuwa tayari. Watu wakakaa baina ya milango miwili: wakimbizi hawakuwa tena, na raia wenye karatasi mkononi hawajawa. Hali hiyo ilidumu hadi mwishoni mwa mwaka 2014, vyeti vilipoanza kutolewa na ikakubaliwa kwamba wanaweza kubaki walipo.

Miaka hiyo minne ya kungoja inafundisha kuliko miaka thelathini iliyoitangulia. Katika miaka ile ya kwanza Mishamo ilikuwa na wakati uliopita, nao ni kukimbia. Katika miaka minne hii ilinyang'anywa wakati ujao. Na kujiandaa kwa maafa ni kazi inayofanywa ndani ya wakati ujao, haina mahali pengine pa kufanyikia. Nani atachimba kisima katika kijiji kilichoandikiwa kufungwa? Nani atajenga ghala la nafaka kwa ajili ya njaa ya mwaka wa kesho kutwa, na kesho kutwa hajui atakuwa mkoa gani? Nani atapanda mwembe? Halmashauri nayo itatia vipi katika bajeti daraja la mahali ambapo kwa mujibu wa karatasi hapatakuwapo? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini aliyeambiwa kwamba nyumba itavunjwa hana sababu ya kuziba ufa. Kwa hiyo dharura isiyo na mwisho hufanya dhara mbili. Humnyima mtu haki yake leo, na humnyima uwezo wa kujikinga na dharura ya kesho. Wanazuoni waliosema kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake walikuwa wakilinda jambo kubwa kuliko usafi wa chakula.

Iko hoja ya pili, nayo husemwa kwa sauti ya chini. Wilaya ni maskini, husemwa; dawa hazitoshi, gari ni moja; si haki kuwaandalia wageni kabla ya wenyeji. Wabende na Watongwe wa nchi ile ya Mpanda nao wana shida zao, na wao ndio waliotangulia.

Jibu la kwanza lilitolewa na maji ya Ziwa Tanganyika mwezi Mei 2015. Burundi ilikuwa imechafuka tena, na makumi ya maelfu ya watu wakaja kujazana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya milima na ziwa, mkoani Kigoma. Njia rahisi ya kuwatoa ilikuwa ziwa lenyewe, na meli kongwe ya MV Liemba ikafanya safari baada ya safari kuwapeleka mjini Kigoma. Kipindupindu hakikungoja meli. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wameugua watu wapatao 3,000, na waliofariki wapatao 30. Wengi wao wakimbizi, na wenyeji nao wakawamo. Kidudu cha kipindupindu hakisomi cheti. Aliyewaandalia wenyeji vyoo na maji safi na kumwacha mgeni aliye mita mia moja kutoka kwao, huyo hakuwaandalia hata wenyeji.

Jibu hilo linatosha kwa mtu wa hesabu, wala halitoshi kwa mtu wa maadili. Kama mgeni analindwa kwa sababu tu ugonjwa wake unaambukiza, basi asiyeambukiza ataachwa. Aliyevunjika mguu haambukizi. Mjane ambaye paa la nyasi limemwungulia haambukizi. Njaa haivuki ua. Ikiwa faida ya mwenyeji ndiyo mizani, watu hawa watakuwa nje ya mizani siku zote. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone hudhaniwa kuwa inasema mgeni huja na zawadi. Yamkini ina maana nzito zaidi. Mwenyeji hupona kwa kule kukaribisha kwenyewe, kwa sababu nyumba inayojua kumtengea mahali asiyekuwa wake imejifunza kuwatengea mahali walio wake pia: mzee, kilema, mtoto yatima, mtu asiye na sauti barazani. Mji hupimwa maandalizi yake kwa yule ambaye ni rahisi kumsahau.

Na mambo leo yamebadilika. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, na mwaka 2016 wilaya ya Mpanda vijijini ikapewa jina la Tanganyika. Mishamo imo ndani ya wilaya hiyo ya Tanganyika, na watu wake waliopata vyeti ni raia. Sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2015 ilifuatwa na nyingine mwaka 2022, nazo zote zinataka kamati zianzie taifani zishuke hadi ngazi ya chini. Zanzibar nayo ina Kamisheni yake ya Kukabiliana na Maafa. Kwa maandishi, ngazi imekamilika.

Lakini ngazi si safari. Kamati inaweza kuandikwa katika daftari, ikawa na mwenyekiti na katibu na mhuri, na isikutane hadi siku maji yamefika magotini. Inaweza pia kukutana na kuijaza meza kwa maofisa, kila mmoja akisoma taarifa ya idara yake, bila ya kuwapo hata mmoja atakayelala katika nyumba ya nyasi usiku wa tufani. Hapo shauri litakuwa limetoka tena mlango wa nyuma, na jina la halmashauri limebaki mlango wa mbele.

Kwa hiyo kipimo ni chepesi kukisema. Katika kijiji kimojawapo cha vile 16 vya Mishamo, kamati ya maafa inapokaa, je, yumo mle bibi aliyekimbia mwaka 1972? Hatajwi hapa kwa kuhurumiwa. Bibi huyo anajua ambacho hakuna semina inayokifundisha. Anajua mtu huchukua nini mkononi akipewa dakika tano: wengi huchukua kitu cha kupikia na kumwacha nyuma mgonjwa, kisha hujuta maisha yao yote. Anajua habari ya uongo hukimbia kasi gani usiku. Anajua watoto hupotea wapi, ni kwenye vivuko na si njiani. Anajua pia jambo ambalo waokozi hawalijui, kwamba saa ya kuokolewa huwa na fedheha yake, na kwamba anayekupa blanketi akikuuliza jina lako amekupa vitu viwili.

Kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini mwanamke wa namna hiyo alikuwa ndiye dharura yenyewe. Aliandikwa, akahesabiwa, akahamishwa, akaambiwa angoje. Siku atakapokaa kwenye mkeka wa kamati akaulizwa kisima kichimbwe wapi, na jibu lake likaandikwa na kufuatwa, siku hiyo dharura ya mwaka 1972 itakuwa imefika kadiri yake. Na kijiji, bila ya kununua hata ndoo moja, kitakuwa kimeanza kujiandaa.